Nilitumwa Nungwi kumtafuta bosi wa hoteli

Wiki hii sikuwa Sinza wala Kinondoni, nilivuka maji. Msidhani nimepata mshiko wa kutanua na watalii. Nilitumwa.

Kuna mama mmoja jirani yetu, mwanawe tulimaliza naye kidato cha nne. Mwaka 2019 mshikaji akaenda Unguja kutafuta kazi ya hoteli. Jina namhifadhi, maana anasoma safu hii. Kila mwezi anamtumia mama yake chochote kwa simu, na kila akipiga anasema yeye siku hizi ni bosi, supavaiza mzima, ana watu chini yake. Ila nyumbani hagusi. Idd zimepita, msiba wa babu yake umepita, yeye kimya. Basi mama akaniita uani, akanipa nauli iliyokunjwa kwenye kipande cha kanga, akasema, "Mwanangu, nenda ukanitazamie kama ni mzima kweli."

Boti kutoka Dar ni mwendo wa saa mbili hivi. Mji Mkongwe sikukaa, nilikula urojo nimesimama nikauliza gari za Nungwi. Nikaonyeshwa namba 116. Ni kama kilomita 60 mpaka ncha ya kaskazini ya kisiwa, na nauli yake haifiki hata sahani ya chipsi kuku. Wazungu wanakwenda kwa teksi, sisi tulibanana na ndoo za samaki na mama mmoja aliyenilalia begani toka Mahonda mpaka Mkwajuni. Sikumwamsha, alikuwa sawa na mama yangu.

Nungwi jamani ni bomba, tusidanganyane. Kule mashariki, Paje na Jambiani, maji yakipwa unaifuata bahari kwa miguu mpaka unachoka. Nungwi na jirani yake Kendwa unaogelea mchana kutwa, na jioni jua linazama baharini mbele yako. Mchanga mweupe mpaka macho yanauma. Nikavua viatu, nikapiga picha zangu mbili tatu za kuwatisha washikaji wa mtaani.

Kasheshe likaanza nilipoingia kazini. Nikawa napita hoteli hadi hoteli nikimuulizia bosi wangu. Kwenye moja, ambayo siitaji, mlinzi alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele akasema nafasi za kazi hakuna. Nikamwambia sitafuti kazi, natafuta mtu. Akasema hata hao hakuna. Mapapasi wa ufukweni, wale wanaomwona Mzungu tangu yuko ndani ya ndege, mimi hawakunisalimia hata "ciao". Siku nzima nilikuwa kama pepo, napita tu.

Jioni nikakata tamaa nikaingia kijijini kwenyewe, nyuma ya mahoteli. Hapo ndipo wengi wetu hatufiki. Tunaishia kwenye mchanga tunarudi mjini tunasema tumeiona Nungwi. Kijiji ni cha matumbawe na mabati, misikiti, watoto wa chuo na juzuu zao, wazee barazani. (Kina dada, hapo vaeni kanga. Vile vinguo vya kuogelea mviache ufukweni, ni nyumbani kwa watu pale.) Nikatoa salamu, nikaeleza shida yangu. Mzee mmoja akacheka. "Kijana wa Bara, mrefu, ana pengo? Huyo wamtafuta hotelini kwa nini? Yupo kwa mafundi."

Nikamkuta kachuchumaa chini ya jahazi, kifua wazi, anavuta keke. Kama huijui, keke ni ile ya kutobolea mbao. Unavuta upinde mbele na nyuma, kijiti kinazunguka, tundu linapatikana, ndipo msumari uingie bila kupasua ubao. Hakuna umeme, hakuna mchoro wa karatasi. Fundi anaangalia kwa jicho tu, anachonga taruma kwa tezo, na likikaa vibaya anajua kabla hata hajalipima. Kati ya mbao na mbao wanashindilia pamba yenye mafuta, ndiyo kukalafati, maji yasipenye. Chombo kikubwa kinakula miezi.

Mshikaji aliponiona alidondosha upinde. Halafu akainama, akauokota, akaendelea kutoboa. Nikakaa chini nikasubiri.

Hotelini alipata kweli, kufagia mabwawa na kubeba mizigo. Machi 2020 corona ikaingia, ndege zikakatika, wageni wakaondoka, yeye na wenzake wakaambiwa wakapumzike. Akaona haya kurudi Dar mikono mitupu. Akaanza kubebea mafundi mbao apate cha kula, siku moja mzee akamshikisha keke. Watalii waliporudi yeye hakurudi. "Pale niliitwa boi," akaniambia. "Hapa mzee ananiita mwanangu, na akinitukana ananifundisha." Nikamuuliza, sasa mama mbona hujamwambia? Akasema mama kishawatangazia watu wa vikoba kwamba mwanawe ni supavaiza, ataanzia wapi?

Usiku nililala chumbani kwake, tukala changu wa kukaanga na boflo. Fundi wake alikuja kunisabahi, akanihadithia jinsi mwishoni mwa miaka ya 1990 palivyokuwa na mpango wa kampuni ya Uingereza kujenga rasini hapo mji mzima wa kitalii, mahoteli, viwanja vya gofu, hata uwanja wa ndege. Haukujengwa. "Hebu fikiri," akasema, "majahazi tungeyaunda kwenye gofu?"

Asubuhi kabla ya gari mshikaji akanipeleka Mnarani, karibu na mnara wa taa. Kuna dimbwi la asili kwenye miamba ambamo kasa walionaswa na nyavu za wavuvi hutunzwa, kazi iliyoanza mwaka 1993, na baadaye hurudishwa baharini. Unawalisha mwani kwa mkono wako. Mmoja alikuwa mkubwa kama meza ya kahawa. Mshikaji akawa anamkuna gamba, akaniambia bila kunitazama, "Mwambie mama vyovyote utakavyoona. Ila chombo tunakishua mwezi ujao. Akitaka, aje."

Nimerudi jana. Mama alikuwa ananisubiri mlangoni na majirani wawili, mmoja wao mweka hazina wa vikoba. Swali la kwanza: "Haya, hoteli yake ina ghorofa ngapi?"

Nikasema nimechoka, naomba maji ya kunywa. Nikanywa polepole mpaka wale majirani wakaaga. Halafu nikamwomba mama akae.

Tukutane wiki ijayo. Anayetaka kwenda kushuhudia jahazi likishuliwa, aanze kudunduliza nauli. Mimi na mama tumeshaanza.