Wajenzi Wakisha Kuondoka

Tangu tarehe 25 Julai 2024, treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma, hakuna likizo inayopita bila ya wanafunzi wenzangu kurudi shuleni na habari zake. Wanasifu mwendo wa kilometa 160 kwa saa, wanasifu viti, wanasifu mahandaki ya Kilosa. Mimi pia nimeipanda, nami naisifu. (Bibi yangu bado aiita gari moshi, ijapokuwa moshi wenyewe haupo, na husikitika kwamba huwezi kununua kuku dirishani kama zamani pale Saranda.) Walakini nataka kuuliza jambo ambalo sijasikia likiulizwa bwenini. Hao walioijenga wakisha kufunga mizigo yao, sisi tutakuwa tumejifunza nini kwao?

Kampuni yenyewe ni Yapı Merkezi ya Istanbul, Uturuki, iliyoanzishwa mwaka 1965. Mwaka 2017 ilitia sahihi mkataba wa kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro, ikishirikiana na Mota-Engil ya Ureno. Mwaka huo huo ikapewa kipande cha Morogoro hadi Makutupora, yaani Makutupora ya Manyoni, si ile ya mizabibu hapa Dodoma. Kipande hicho ni kilometa 422 ukihesabu na njia za kupishania, na jiwe lake la msingi liliwekwa Ihumwa mwezi wa Machi 2018.

Si mara ya kwanza kampuni kubwa kupita katika nchi yetu hii ya kati. Reli ya zamani ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mkandarasi wake alikuwa Philipp Holzmann wa Frankfurt, Ujerumani. Babu zetu walichimba na kubeba. Kupima mteremko na kuchora njia ilikuwa kazi ya wageni. Sasa hebu fikirini, wenzangu: Holzmann huyo huyo alijenga reli huko Uturuki pia, na stesheni maarufu ya Haydarpaşa mjini Istanbul ni kazi yake. Waturuki waliojengewa reli na Mjerumani, leo ndio wanaojengea wengine. Na Holzmann alifilisika mwaka 2002. Basi ujuzi si mali ya taifa moja milele. Huhama, lakini hauhamii kwa mtu aliyekaa akitazama malori yakipita.

Reli ya TAZARA yatuonyesha njia nyingine. Ilianza kujengwa mwaka 1970, ikakabidhiwa mwaka 1976, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wakati kazi ikiendelea vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea mambo ya reli, na chuo kikajengwa Mpika. Sisemi kwamba TAZARA haikupata taabu baadaye. Ilipata, tena nyingi. Nasema tu kwamba mafunzo yalikuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Kaka yangu alifunga nondo kwa miaka mitatu katika ujenzi wa barabara, kwa mkandarasi ambaye sitamtaja. Aliingia hajui kitu. Alipotoka alikuwa aweza kusoma mchoro, kukata ringi kwa kipimo, na kukwambia zege litapasuka wapi nondo zikiachana mno. Siku ya mwisho alirudisha kofia, buti na kitambulisho pale getini, akapewa ujira wake, akaja nyumbani mikono mitupu. Alipokwenda kuomba kazi kwingine aliulizwa cheti. Cheti gani? Ujuzi wote alikuwa nao vidoleni. Sasa anajiandaa kupimwa VETA, maana wanao utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunza kazini. Lakini alikaa mwaka mzima bila ya kujua kwamba utaratibu huo upo, na wenzake wengi hawajui hata leo. Mimi naona hapana budi mkataba wowote mkubwa useme wazi kwamba fundi hatoki getini bila ya karatasi inayoeleza alichokifanya na aliyempima.

Wapo watakaonijibu kwamba mkandarasi amekuja kujenga, si kufungua shule, na kwamba kufundisha huchelewesha kazi na kuongeza gharama. Neno hilo lina ukweli. Lakini reli ya Wajerumani imepita miaka 110 na zaidi, na aliyeifanya iendelee kupitika si Holzmann. Ni mafundi wetu, wengine wao waliosoma katika chuo cha reli pale Tabora. Nyaya za umeme na mitambo ya ishara ya reli mpya zataka ujuzi wa namna nyingine. Kama tutakuwa twamwita mgeni kila kitu kikiharibika, gharama hiyo nayo ihesabiwe.

Kwetu sisi wanafunzi nina neno moja chungu. Twaikimbia Fizikia na Hesabu mapema mno, kisha twalalamika kwamba wahandisi ni wageni. Wazazi nao humwambia mtoto, hasa wa kike, asome yaliyo mepesi.

Namwomba Mkuu wa Shule na walimu wetu watupatie safari moja kila mwaka ya kwenda kuona kazi hizi, na nyingine zitakazokuja. Ya kwanza na iwe Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, ambako reli ya zamani na mpya zote mbili zapita. Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 ziliibomoa njia ya zamani baina ya Kilosa na Gulwe, na treni za abiria zikakoma kwa miezi. Tungependa kumwuliza mhandisi, tukiwa na madaftari mkononi, tuta jipya limeinuliwa kiasi gani juu ya maji yale, na hesabu yake aliifanyaje.