Kompyuta Ifundishwe kwa Maneno Yanayoeleweka

Mwezi Januari mwaka 1958 wajumbe wa TANU walikusanyika hapa Tabora kulijadili jambo ambalo wakoloni walikuwa wameliandika kwa Kiingereza cha wanasheria. Kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake isihesabiwe. Jambo hilo zito wananchi walilipa jina la maneno mawili tu: kura tatu. Wajumbe, ambao si wote waliokuwa wamepita shule ndefu, walibishana, wakakasirikiana, wakapatana, na mwishowe wakatoa uamuzi ambao historia yetu inauita Uamuzi wa Busara. Hatudhani kuwa wangeweza kubishana vizuri namna ile juu ya jambo wasilokuwa na jina lake.

Tumelikumbuka hilo kwa sababu ya darasa moja la kompyuta la watu wanaoanza, ambamo mwandishi wa safu hii aliketi siku za karibuni. Chuo chenyewe hatutakitaja. Mwalimu alijaza ubao kwa maneno ya Kiingereza, wanafunzi wakayanakili mmoja mmoja kama walivyoyaona. Mama mmoja, karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, alinyoosha mkono akauliza neno la nne lina maana gani. Akajibiwa: "Utazoea, mama." Akaandika la tano.

Mama huyo anatunza hesabu za uzito wa tumbaku ya wenziwe. Hesabu hizo sasa zinatakiwa ziingizwe katika mashine, na akikosea, mkulima ndiye atakayepunjwa. Basi swali lake halikuwa la kupoteza muda, na jibu alilopewa halikuwa jibu.

Neno lenyewe lilikuwa lile linalomaanisha kuleta kitu kutoka kwenye mtandao hadi kwenye mashine yako. Kwa Kiswahili ni kupakua, na kinyume chake, yaani kukipeleka kitu kutoka kwenye mashine yako kwenda kwenye mtandao, ni kupakia. Je, kuna mtu wa Tabora asiyeyajua maneno haya? Mji huu ulikua kwa kupakia na kupakua. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na vitambaa kati ya Ujiji, Unyanyembe na Bagamoyo, safari ya miezi mitatu hivi kutoka pwani hadi hapa. Reli ilipofika mwaka 1912 kazi ikawa ile ile, ila mabega yakapumzika kidogo. Na hata asiyewahi kukanyaga stesheni anapakua wali chunguni kila siku. Mama yule angeelewa kwa nukta moja.

Hali ni hiyo hiyo kwa maneno mengi mengine. Kubofya, yaani kugusa kitufe kidogo kwa kidole ili mashine itende, ndilo neno tunalolitumia tunapominya embe kuona kama limeiva, na katika mji wenye miembe mingi kama huu hakuna haja ya kuchora picha. Kuvinjari ni kuzunguka ukitazama huku na huku. Programu ya kutazamia kurasa za mtandao ikaitwa kivinjari. Vijana wanasema kuperuzi, nasi hatuna ugomvi nao. Kifurushi cha muda wa mtandao, ambacho mitaani huitwa bando, ni kile kile kifurushi cha msafiri, isipokuwa hiki kinaisha kabla ya safari.

Wahazili waliofunzwa katika Chuo cha Uhazili cha Tabora, ambacho leo ni sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma, watafurahi kuona kuwa herufi za kibodi zimepangwa vile vile kama za taipureta yao. Humo wao ndio walimu.

Lipo jambo moja linalowasumbua sana wanaoanza, nalo linastahili kuelezwa kwa utulivu. Mtu huandika barua ya kurasa mbili, umeme unakatika, unaporudi barua haipo. Hudhani mashine imemdhulumu. Ukweli ni kwamba kompyuta ina kumbukumbu za namna mbili. Sisi tuliopita chuoni kabla ya shule tulikuwa na ubao wa kuandikia aya. Ukiisha kusoma, ubao unaoshwa, maandishi yanakwenda na maji. Kilichobaki ni kile ulichokihifadhi kifuani. Kumbukumbu ya kwanza ya kompyuta ni kama ubao ule: ni ya haraka, kazi yote inafanyika juu yake, lakini umeme ukikatika imeoshwa. Ya pili ni diski, ambako kazi hubaki hata mashine ikizimwa. Kuitoa kazi ubaoni na kuiweka mahali pa kudumu ndiko kuhifadhi, na neno hilo hatukulitunga kwa ajili ya kompyuta. Tulilikuta chuoni, maalimu ameshika bakora. Anayeanza na ashike desturi ya kuhifadhi kila baada ya aya moja.

Kisha kuna mtandao wenyewe, ambao wengi wanauzungumza kama kwamba ni wingu au jini. Ni kompyuta zilizounganishwa na kompyuta nyingine duniani kote, kwa nyaya, kwa minara ya simu, na kwa nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga. Nyuzi hizo ndizo zilizomo katika Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, uliotandazwa hadi huku kwetu. (Wengine wanaandika Mkonga, kama wa tembo. Kwa mji uliotajirika kwa pembe za mnyama huyo labda wana haki.) Mwaka 2009 waya wa kwanza wa namna hiyo unaopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na hapo ndipo safari ya ujumbe kwenda ng'ambo ilipofupika sana. Kabla ya hapo tulitegemea zaidi setilaiti, tukalipa ghali.

Barua pepe ni barua inayopita njia hizo. Anayetaka kujua tofauti yake na barua za zamani na aende Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alimokaa Livingstone. Mwaka 1871 Stanley alikuta huku Unyanyembe mfuko wa barua za Livingstone wenye alama ya tarehe 1 Novemba 1870. Mwenyewe alikabidhiwa Ujiji mwezi Novemba 1871. Mwaka mzima! Barua pepe kutoka Unguja hadi Ujiji leo haichukui muda wa kumeza mate, kama kifurushi hakijaisha.

Namna inavyosafiri si ngeni kwa watu wa reli. Meli inayoitwa leo Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari, ikapita reli yetu ya kati hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Ujumbe wa mtandao nao hukatwa vipande, kila kipande kikaandikwa anwani na namba yake, na mwisho wa safari vikapangwa tena. Tofauti ni kuwa vipande hivi vinaweza kupita njia mbalimbali, na kinachopotea huombwa kitumwe upya. Masharti yanayozifanya mashine zote zikubaliane juu ya kazi hiyo yanaitwa itifaki, maana yake mapatano. Mwenye kuijua historia ya watemi na misafara anajua kuwa bila mapatano hakuna mzigo uliopita. Walipeana hongo, ambayo zamani zile ilikuwa ushuru wa njia. Neno hilo limeharibika baadaye kwa makosa ya watu.

Hatusemi kuwa wataalamu wa lugha hawana lawama. Mashine moja imepewa majina matatu. Wenzetu wa Kenya wanasema tarakilishi, wengine walipendekeza ngamizi, na wananchi wamebaki na kompyuta. Kile chombo cha kuongozea mshale ni kipanya kwa huyu na puku kwa yule. Kwa maoni yetu kompyuta inatosha, kama vile treni na baiskeli zilivyotutosha, na kipanya kinaeleweka na kila mwenye ghala. Mwanafunzi hawezi kubebeshwa majina matatu ya kitu ambacho hajakigusa hata mara moja. BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, ndilo lenye dhamana ya kusawazisha mambo haya, na vyuo vya mikoani vina wajibu wa kuyatumia yanayosawazishwa badala ya kuyasubiri Dar es Salaam yazeeke.

Wala mtu asituambie kuwa kazi hii haiwezekani. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili, zikiitwa Jambo OpenOffice, za bure kabisa. Na hii ni nchi ambayo mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta! Lililokosekana baada ya hapo ni moyo wa kuzifundishia.

Tumeacha kwa makusudi neno ambalo kutolijua kunawaumiza watu zaidi kuliko yote. Kila mwenye simu ya kupokelea fedha anajua namba ya siri, na hata bibi wa sokoni hakubali kumtajia mjukuu. Lakini akifunguliwa barua pepe, au akiandikishwa katika mfumo fulani wa ofisi, anaombwa neno la siri kwa Kiingereza, asitambue kuwa ni ndugu yake namba ya siri. Basi huliandika kwenye kipande cha karatasi na kumpa kijana wa dukani amtunzie. Matapeli wanaotuma ujumbe wa kuomba fedha wanaishi kwa ujinga huo. Wataalamu wameunda pia nywila na nenosiri. Ni maneno mazuri, lakini kwa anayeanza tungependa aambiwe neno la siri, asikie siri.

Tunawaomba wakuu wa vyuo na vituo vyote vya kompyuta mkoani wafanye jambo moja lisilohitaji bajeti: wabandike ukutani maneno ya Kiswahili, thelathini hivi, kila moja na maana yake katika sentensi moja, na mwalimu asianze na Kiingereza mpaka mwanafunzi ameyatumia hayo kwa mkono wake. Kiingereza kitafuata, nacho kinahitajika, hatukipingi.

Yule karani wa tumbaku bado anahudhuria. Anajua sasa kupakua na kuhifadhi, na amewafundisha wenzake wawili wanaoketi dawati moja naye. Mtihani wao ni mwezi ujao, na tumeambiwa karatasi ya maswali itakuwa ya Kiingereza.