Aliyezirai Mlaze, Usimsimamishe

Mazishi fulani kijijini kwetu yalinifunza jambo. Jeneza lilipokuwa likiteremshwa, shangazi wa marehemu alizirai. Jua lilikuwa kali na tangu asubuhi mama huyo hakuwa ametia kitu tumboni. Kabla hajafika chini, vijana wawili walimdaka kwapani wakamsimamisha kama mlingoti, kichwa kikining'inia. Mwingine akaja mbio na chupa ya soda, ati anywe apate nguvu. Soda ikampalia. Ni muuguzi mmoja mstaafu aliyewafokea: "Mlazeni chini!" Alipolazwa na miguu kuegemezwa juu ya mkoba, alifumbua macho kabla ya dakika moja kwisha.

Vijana wale walikuwa na nia njema. Lakini mtu huzirai kwa kuwa damu inayofika ubongoni imepungua ghafla, aghalabu kwa sababu ya kusimama sana, joto, njaa au mshtuko. Akilala chali, damu hurudi kichwani kwa urahisi. Ukimsimamisha, unaizuia.

Basi mlaze. Ikiwa hakuumia alipoanguka, inua miguu yake kiasi cha sentimita 30. Mlegezee mshipi, tai au kitambaa cha shingoni, na uwatawanye wanaomzingira. (Hapo ndipo penye kazi, kwa maana kila mtu hutaka kuona!) Usimtie chochote kinywani, maji wala sukari, mpaka azinduke na aweze kumeza mwenyewe. Makofi hayasaidii. Mjamzito mgeuze alalie ubavu wa kushoto.

Akizinduka, asiharakishwe. Alale kama dakika 10, akae, ndipo asimame.

Dakika moja ikipita naye hajazinduka, tafuta gari au piga 999 au 112. Akiwa anapumua, mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe. Ikiwa hapumui, huko si kuzirai tena: mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka usaidizi ufike.

Aliyegonga kichwa, mwenye kisukari, mjamzito au anayelalamikia kifua apelekwe hospitalini hata kama sasa anacheka.

Nawe ukihisi kizunguzungu kwenye foleni au kanisani, usione haya. Keti hapo hapo chini, kichwa katikati ya magoti. Nguo itafuliwa.