PIN ni Siri, Lakini Si kwa Kila Mtu

Wasee, kila benki hapa Kenya ina wimbo mmoja: usimpe mtu PIN yako. Iko kwa SMS, iko kwa bango, ejenti ameibandika ukutani. Sawa. Sasa nielezeni, mtu asiyeona ataificha vipi hiyo siri?

Tuseme ni mama hapa Kiminini. Ana kabambe isiyosoma maandishi kwa sauti, na anataka kutoa elfu mbili za karo. Menyu ya benki ni maandishi matupu, na akikawia inajifunga. Atafanya nini? Atampa simu kijana aliye karibu, amnong'onezee nambari nne, foleni nzima imetega masikio. Akisema aende Kitale, nauli imekwenda, halafu anafika kwa ATM isiyoongea na inabidi amwombe soja amsaidie. PIN ni ile ile, sikio ni lingine.

Siku pesa ikipotea, ataambiwa nini? "Si tulikwambia usimpe mtu PIN?" Hapo ndipo mimi huchemka. Mnamwekea mlango ambao hawezi kuufungua bila kuvunja sheria yenu, halafu mnamlaumu kwa kuivunja.

Najua kuna wenye watasema: lakini wapo wasioona waliokariri menyu, wanapapasa ile nukta kwenye 5 na wanatuma pesa sawa tu. Kweli wapo, na ni wakali. Lakini jina la anayetumiwa, nani atamsomea kabla hajatuma? Salio je? Na benki ikipanga menyu upya bila kumwambia? Ujanja wa mteja sio huduma ya benki.

Na msituuzie hadithi ati teknolojia bado. ATM ya kuongea iliwekwa Ottawa, Kanada, mwaka wa 1997. Unachomeka iafoni, inakusomea kila hatua, na ni wewe peke yako unasikia. Hiyo ni miaka 10 kabla M-Pesa haijazaliwa. Sheria pia tuko nayo: Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali na habari kama wengine. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu laki 9 wenye ulemavu. Hawaombi huruma. Wanaomba pesa yao.

Mimi chuo niliacha, lakini hii haihitaji digrii. ATM ziongee. Kuwe na laini ya sauti, kwa Kiswahili, ya kuuliza salio na kuhakikisha jina. Apu zijaribiwe na wasioona wenyewe kabla hazijatolewa.

Ukiingia benki wiki hii, uliza swali moja tu: "ATM yenu inaongea?" Wakikuangalia tu, uliza tena kwa sauti, foleni nzima isikie.