Viti ni Poa, Lakini Nani Atabaki Nje?

Wasee, tuongee ukweli. Huko Marekani kuna vyuo vikuu vinavyong'oa mabenchi ya uwanja wa futiboli na kuweka viti vya mtu mmoja mmoja, vyenye pa kuegemea. Mgongo utashukuru, sikatai. Lakini piga hesabu.

Chukua Michigan Stadium pale Ann Arbor: nafasi 107,601, nyingi zikiwa za mabenchi. Pale kwa benchi wewe ni namba tu. Tuseme kila mtu ana sentimita 45: benchi la mita 9 linabeba watu 20. Weka viti vya sentimita 50, wanabaki 18. Fanya hivyo uwanja mzima, na watu zaidi ya 10,000 wanakosa pa kukaa. Tiketi zikipungua, bei inapanda. Atakayeachwa nje si tajiri, ni mwanafunzi. Na chuo ni chake!

Maoni yangu: wazee na wenye shida ya mgongo wapewe viti. Upande wa wanafunzi, acheni mabenchi. Hao hata hawakai, wanasimama mechi yote wakipiga kelele. Kiti cha nini? Afadhali wafinyane kama kwa matatu kuliko mwenzao aangalie gemu kwa simu.

Ama mnaonaje?