Kadi ya memori ikigoma, usikimbilie kufomati

Simu inakwambia kadi ya memori imeharibika, ifomatiwe. Wengi wetu hubonyeza “sawa” papo hapo, na picha za mahafali na nakala za vyeti zinaenda na maji. Hapo imekula kwako.

Vijana, tulieni. Mara nyingi kadi haijafa. Zima simu, itoe, pangusa zile sehemu za rangi ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, kisha uirudishe. Ikigoma tena, ijaribu kwenye simu nyingine au kompyuta. Ikisomeka, nakili kila kitu kwanza. Kufomati kuje mwisho. Na kama tayari umefomati, usiweke chochote kipya humo. Mara nyingi faili za zamani huwa bado zimo hadi zifunikwe na mpya, na programu ya bure kama PhotoRec inaweza kuziokoa.

Lakini si kila kosa ni la mtumiaji. Zipo kadi feki za bei poa zilizoandikwa GB 128 na ndani zina 8 tu. Nafasi hiyo ikijaa, unachoongeza kinapotea bila onyo. Programu ya H2testw kwenye kompyuta hufichua uongo huo. Anayeziuza anaiba kumbukumbu za watu, na mamlaka ya kukabiliana na bidhaa ghushi inafaa kumulika biashara hii pia.

Nawe kijana, kitu cha maana kiweke mahali pawili. Akiba haiozi.