Mbio ya akili inauzwa katika telefone?



Kuna michezo ya telefone na ya ordinatere ambayo wenye kuiuza wanasema inaongeza mbio ya ubongo. Mtoto anacheza kila siku, pointi zake zinapanda, kisha anasema: «Papa, unaona, sasa akili yangu inakimbia!» Na papa anaombwa makuta ya mwezi unaokuja. Ni kweli, ao wanatudanganya?

Si uongo wote. Huko Marekani, mwaka wa 1998, wenye elimu walianza kazi kubwa inayoitwa ACTIVE. Walikusanya watu 2832, wote wenye miaka 65 na kupita, wakawagawanya katika vikundi vine. Kimoja kilifundishwa kukumbuka, cha pili kufikiri kwa utaratibu, cha tatu mbio ya kuona kwa ordinatere. Cha nne hakikufundishwa kitu.

Somo la mbio lilikuwa hivi. Picha ya motokari inatokea katikati ya kioo, kitambo kidogo tu kama kufumba jicho, na ingine inatokea pembeni. Ile ya katikati ilikuwa gari ndogo ao kamyo? Ile ya pembeni ilikuwa upande gani? Ukijibu vema, picha zinapita mbio zaidi. Masomo yalikuwa kumi tu, kila moja saa moja na kitu, kwa majuma tano ao sita.

Nyuma ya masomo, watu 87 katika 100 wa kikundi hiki walikuwa wameongeza mbio. Na kisha miaka kumi, karibu 7 katika 10 walikuwa wangali na mbio yao ya mwanzo ao kuipita, lakini wale wasiofundishwa hawakufika hata nusu. Kwa wazee hilo si jambo dogo, maana uzee unapunguza mbio ya kila mtu.

Lakini muangalie vizuri: waliofundishwa mbio hawakupata ukumbusho zaidi, na waliofundishwa kukumbuka hawakupata mbio. Kila mutu alivuna pale alipolima.

Na vijana je? Mwaka wa 2010 matokeo ya jaribio la Uingereza yalitangazwa: watu 11.430, wenye miaka 18 mpaka 60, majuma sita ya mazoezi. Walikuwa wafundi wa michezo ile ile waliyoicheza. Walipopewa majaribio mengine, faida haikuonekana. Basi mwanafunzi anayetaka mbio ya hesabu, afanye hesabu! Makuta ya mchezo yanunue kitabu.

Wenye kuuza wanajua tofauti hiyo, lakini matangazo yao hayaisemi. Mwanzo wa 2016, serkali ya Marekani ilishitaki kampuni yenye mchezo Lumosity kwamba iliahidi faida shuleni, kazini na katika uzee bila ushuhuda wa kutosha. Ilikubali kulipa dolari milioni 2.

Kwa wazee habari haijaisha. Mwaka wa 2017 watu wa ACTIVE waliandika kwamba, kwa miaka kumi, hatari ya ugonjwa wa kupotewa na akili ilikuwa chini kwa 29 katika 100 kwa waliofundishwa mbio. Wenzao wengine wanabishana juu ya namna wagonjwa walivyohesabiwa. Nkambo wenu akipenda kujaribu mchezo wa namna ile, mmuache tu ajaribu.